Muulize Fundi: Studi ya manifoldi ikikatika, ni lazima hedi ishuke?

SWALI: Salamu Mzee. Nina Hiace ya dizeli, naendesha teksi Tororo hadi Mbale. Siku hizi asubuhi nikiiwasha inagonga tik-tik-tik upande wa manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi wa injini, lakini ikishapata moto sauti inapungua mpaka haisikiki. Fundi wa hapa stendi alitaka kubadilisha gasketi. Alipokamata nati ya mwisho, ile ya nyuma kabisa, studi (bolti isiyo na kichwa inayoshika manifoldi) ikakatika. Kimebaki kipande kidogo, kama urefu wa ukucha, nje ya hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini. Zile nyingine ameogopa kuzigusa. Mwenzangu mmoja ananiambia nishushe hedi, mwingine anasema nifunge kwa zilizobaki nirudi barabarani. Nimsikilize nani?
— Dereva, Tororo

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, ndugu yangu, na huyo wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele. Wewe na abiria wa mbele mmeikalia. Moshi unaovuja pale una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu anayeivuta huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia. Ni kweli dizeli huitoa kidogo kuliko petroli. Lakini wewe unashinda juu ya huo uvujaji kutwa nzima, na mvua ya Mbale ikianza kila mtu anafunga kioo. Gari hilo lisibebe watu mpaka liwe limezibwa.

Huyo aliyekukatia studi usimlaumu. Manifoldi ni chuma cha kuyeyushwa, kirefu, kinachopata moto mkali, wakati hedi imepozwa na maji. Manifoldi inatanuka kuliko hedi, inapoa, inatanuka tena, na kila mara inazivuta studi kwa ubavu. Zinazovutwa zaidi ni za miisho, ndiyo maana yako imekatika ya mwisho. Na sauti inapotea injini ikipata moto kwa sababu chuma kikitanuka hubana ule mwanya. Haijapona.

Tuanze na zile ambazo hazijaguswa, maana hapo ndipo mtu anaweza kujiongezea kazi mara tano. Injini ikiwa imepoa, safisha nyuzi za studi zinazoonekana (ile mistari inayozungukiwa na nati) kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Kama hamna dawa ya kutu ya kopo, changanya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Tikisa chupa kila unapotaka kudondosha, kwa sababu vitu hivi viwili hujitenga, na asetoni iwekwe mbali kabisa na moto. Dondosha jioni, dondosha tena kabla ya kulala, acha ilale. Asubuhi tumia soketi ya pembe sita, siyo ya kumi na mbili, na anza kwa kukaza kidogo, ndiyo, kukaza, mpaka usikie mlio mdogo wa kutu kuachia. Kisha rudisha robo mzunguko, kaza kidogo, rudisha tena.

Sikiliza mkono wako hapa. Nati inayofunguka hukataa, halafu huachia ghafla na kubaki pale ulipoifikisha. Studi inayokaribia kukatika hukufuata taratibu kama mpira, na ukilegeza spana inarudi nyuma. Ukisikia hivyo, acha pale pale. Usiongeze bomba kwenye mkono wa spana.

Ikifika hapo, leta moto. Chukua mwali wa gesi, uchome nati peke yake mpaka iwe nyekundu, na mwali usiuelekeze kwenye studi. Wekundu ukishapotea, gusisha mshumaa pale nati inapokutana na studi: nta inayeyuka na kunywewa ndani ya nyuzi. Izungushe ikiwa bado na joto. Nati ikigoma kabisa, ipasue kwa tindo au grainda. Nati ni ya bei ndogo, studi iliyokatikia ndani ya hedi ni ya bei nyingine.

Sasa kile kipande kilichobaki nje. Mshukuru Mungu kimebaki nje, kwa sababu mtu wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu atakitoa bila kushusha hedi. Kwanza vueni nyaya za betri, zote mbili, pamoja na plagi ya alteneta. Klipu ya athi (waya wa kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ikamate kwenye hedi yenyewe karibu na kazi, isikamate kwenye chesisi. Mipira ya mafuta ifunikeni kwa kitambaa kilicholowa maji, ndoo ya mchanga iwe karibu. Msisafishe mahali hapo kwa petroli, na zile dawa za kopo za kusafishia breki zenye klorini zisiguse sehemu itakayochomelewa, kwani joto huzigeuza kuwa hewa ya sumu inayoua.

Valisha kipande washa, yaani kipete bapa cha chuma, achomelee ndani ya tundu la washa mpaka ishikane na studi. Juu ya washa aweke nati kubwa kuliko studi, ajaze katikati. Washa inazuia moto wa weldi usishike hedi, ndiyo kazi yake. Kisha subirini, wekundu wote uishe. Watu wengi wanaona nati ile imewekwa ili spana ipate mahali pa kushika, na hiyo ni kweli nusu tu. Kinachofanya kazi zaidi ni joto: studi imetanuka ikaponda kutu, ikipoa inasinyaa na kutu imeshavunjika. Gusisha mshumaa, zungusha kidogo kwenda na kurudi. Weldi ikiachia, chomelea tena. Mara ya pili au ya tatu ndiyo mara nyingi inatoka, kwa hiyo fundi asikate tamaa akafikia drili mapema.

Kama mkifungua viti mkaona mkono wa kuchomelea haufiki kabisa, hapo sasa neno la kushusha hedi lina maana.

Na manifoldi ikitoka, ilaze uso juu ya kioo kinene au uwekee rula ya chuma, mulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipita katikati, imepinda, ipelekwe kwenye mashine isawazishwe. Katwe na Ndeeba, kule Kampala, kuna karakana zinazofanya kazi hiyo. Ukiirudisha imepinda, studi mpya itakatika pale pale.

SWALI: Fundi, gari langu ni Premio ya petroli. Studi moja imekatikia ndani, haionekani hata kidogo. Kijana wa gereji anataka kutumia iziauti, kile chuma cha kupenyeza ndani ya studi ili kuizungusha itoke. Nimruhusu?
— Mama wa watatu, Arua

JIBU: Mama, mwambie asubiri. Iziauti ni chuma kigumu kuliko studi, na kigumu hivyo hukatika ghafla. Ikikatikia ndani, biti ya kawaida haitaingia tena, na hapo hedi itashuka kweli.

Hedi ya Premio yako ni alumini, atahakikisha kwa sumaku, haitashika. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kuipasha moto kiasi kuzunguka studi kunasaidia sana. Lakini asingoje wekundu kama kwenye nati: alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na haitaonyesha rangi kabla ya kuharibika. Kisha agonge panchi katikati kabisa ya studi, atoboe kwa biti ya milimita 3, aendelee na biti kubwa kidogo kidogo. Akipata biti inayokata kwa kuzunguka kushoto ni bora zaidi, kwani mara nyingi kipande hutoka nayo chenyewe. Kwa studi ya milimita 8 yenye nyuzi za 1.25 (yaani milimita kutoka uzi hadi uzi) asipite biti ya 6.8. Kama ametoboa katikati, zitabaki nyuzi tu za kuchokoa kwa ncha na kusafisha kwa tapu, chuma cha kukatia nyuzi. Akienda pembeni akaharibu alumini, kuna koili za chuma za kurudishia nyuzi, na zinashika vizuri.

SWALI: Je, bolti za kawaida za duka la vyuma zinaweza kukaa mahali pa studi za manifoldi?
— Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana. Zile zinazong'aa zimepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 420, joto ambalo manifoldi inalifikia na kulipita. Nunua studi za injini yako, seti nzima pamoja na nati zake za kupakwa shaba. Nenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na namba ya injini iliyosomwa kwenye bloku, usiende na jina la gari tu. Gasketi iwe mpya. Nyuzi zipake kidogo grisi ya shaba inayovumilia moto, na kaza kuanzia katikati kwenda miisho, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Chukua pia studi moja ya zamani iliyotoka nzima, ukailinganishe na mpya. Studi za milimita 10 zipo za nyuzi 1.25 na za 1.5, kwa macho zinafanana. Nati ya zamani iliyosafishwa ipite kwenye studi mpya kwa vidole, tangu mwanzo hadi mwisho. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, irudishe ukiwa bado pale kaunta.