Maswali ya Wasomaji: Eti "nice" Lilikuwa Tusi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina rafiki anasomea isimu chuoni, juzi nikamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtu "nice", yaani mtu mwema, akasema ungeniambia hivyo miaka 600 iliyopita tungegombana maana ungekuwa umeniita mpumbavu. Ni kweli au ananitania? Na kama ni kweli neno linatokaje kwenye upumbavu mpaka likafika kwenye uzuri, nani alilibadilisha? – Mdadisi

JIBU: Marahaba mwanangu, hakutanii. Ngoja nianzie mbali kidogo maana huko ndo kwenye utamu wenyewe. Warumi walikuwa na kitenzi scire, yaani kujua, wakikitanguliza na ne inakuwa kutojua, hapo wakapata nescius, mtu asiyejua kitu. Kwenye Kifaransa cha zamani neno likasagika sagika likabaki nice, maana yake mjinga, bwege, mtu hamnazo. Sasa mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakavuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa karibu miaka 300 wakubwa wa nchi ile, kuanzia kwa mfalme mpaka mahakamani, mambo yao yalikuwa Kifaransa, mpaka ilipofika 1362 ndo ikapitishwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza maana wananchi walikuwa wanahukumiwa kwa lugha wasioielewa. Katika kipindi hicho maneno ya Kifaransa yaliingia kwa maelfu na nice nalo likaingia humo humo, kwenye miaka ya 1300 hivi, na ujinga wake wote. Chaucer, yule mshairi aliyefariki mwaka 1400, analitumia kwa maana hiyo hiyo. Na kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana ni kwamba ile scire ndo iliyozaa pia neno sayansi tunalolisema sisi kila siku, kwa hiyo sayansi na nice ni ndugu kabisa, mmoja katoka kwenye kujua mwingine kwenye kutojua.

Sasa nani alilibadilisha. Hakuna mtu utakayemnyooshea kidole, na hili nataka ulishike vizuri kwa sababu watu wengi wakihadithiwa habari ya nice wanadhani neno lililala likiwa tusi likaamka asubuhi likiwa sifa. Halikuruka, lilitembea, na kila hatua ukiitazama peke yake unaona kabisa ina akili. Anza na mjinga. Mjinga anafanya mambo ya kijinga, anatapanya mali, anavaa kupita kiasi, anaendekeza starehe, basi watu wakaanza kuita mambo ya anasa na hata uasherati kwa neno hilo hilo. Anayevaa hivyo ni mtu wa kujidai, wa kudeka, chakula hiki hataki kiti kile hataki, neno likahamia kwa mtu wa kuchaguachagua. Haya, mtu wa kuchaguachagua akizidi ana faida yake, jicho lake linaona kasoro ambayo wewe huioni, kwa hiyo kwenye miaka ya 1500 unakuta nice ni mtu makini, mwenye kupambanua vitu vinavyofanana, na kitu nice ni kitu kilichopimwa kwa usahihi mkubwa. Na kitu kilichofanyiwa umakini wa namna hiyo si kinapendeza? Hapo sasa, kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1700, ndo unaliona wazi kwa maana ya kupendeza, na miaka ya 1800 likaongezewa na maana ya mtu mwema, mpole, anayejali wenzake. Ni safari ya miaka 500.

Na wala sisi wenyewe tusione ajabu. Angalia neno kali. Mbwa mkali unamkimbia, jua kali linakuchosha, kisu kikali kinakata vizuri, halafu kijana anakwambia hii ngoma ni kali na anaisifia, na wewe hukuhitaji mtu akufafanulie. Maana zote nne ziko hai mdomoni kwa mtu mmoja siku moja. Na Waingereza ndo walikuwa hivyo na nice kwa miaka mingi tu, maana mpya inaingia ya zamani bado haijatoka, kiasi kwamba hata watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford wanasema kwenye maandishi mengi ya miaka ya 1500 na 1600 ni vigumu kusema mwandishi alikuwa na maana ipi hasa kichwani. Ukumbuke pia kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya Robert Cawdrey, imetoka mwaka 1604 na ina maneno kama 2,500 tu. Kabla ya hapo mtu angeangalia wapi? Aliwasikiliza wenzake basi.

SWALI: Mhariri, tunasoma Romeo and Juliet, ile tamthilia ya Shakespeare, darasani, tumefika kitendo cha tano padri anasema ile barua haikuwa "nice". Mimi nimeelewa kwamba barua ilikuwa mbaya au ina maneno makali, mwenzangu anasema hapana ila na yeye hawezi kueleza. Tusaidie. – Mwanafunzi wa fasihi

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na nimefurahi sana umeuliza maana hapo ndo mahali pazuri kuliko pote pa kuliona hili neno likifanya kazi. Tuikumbuke hali yenyewe. Padri Laurence kamwandikia Romeo, mume wa Juliet kwa siri, aliyeko mji wa Mantua, kumweleza kwamba Juliet hajafa, amekunywa dawa ya usingizi tu, ataamka. Barua kampa padri mwenzake John aipeleke. John akakwama njiani, wakaguzi wa mji walimshuku yeye na padri mwingine aliyekuwa naye kwamba wameingia kwenye nyumba yenye tauni wakawafungia ndani, barua haikufika, na John anarudi nayo mkononi kama vile si kitu. Laurence akisikia hivyo anashtuka, anasema barua ile haikuwa nice, ilibeba jambo zito la thamani kubwa, na kutoipeleka kunaweza kuleta madhara makubwa.

Sasa weka maana ya leo uone inavyoharibika: barua haikuwa nzuri, ilibeba jambo zito. Haiingii. Nice pale maana yake ni jambo dogo, la kipuuzi, lisilo na uzito. Imetokea wapi hiyo? Kwenye ule usahihi niliomweleza Mdadisi hapo juu, ukipambanua mno unafika kwenye vitu vyembamba sana, na kitu chembamba sana mtu anakiona hakina maana. Kwa hiyo Laurence anasema barua haikuwa ya mchezo. Na rudini nyuma kitendo cha tatu baada ya Tybalt, binamu wa Juliet, na Mercutio, rafiki wa Romeo, kuuawa, Benvolio, binamu wa Romeo, anamweleza mtawala wa mji wao wa Verona kwamba Romeo alimsihi Tybalt afikirie ule ugomvi ulivyo nice. Ukisoma kwa maana ya leo utadhani wanasifia ugomvi, kumbe anasema ugomvi wenyewe ni wa kitu kidogo. Yaani mara zote mbili neno limekaa mahali ambapo watu wanakufa kwa jambo lililochukuliwa kinyume na uzito wake, ugomvi mdogo ukafanywa mkubwa, barua kubwa ikafanywa ndogo, mimi kila nikipita hapo nasimama.

Ila usikariri kwamba kwa Shakespeare nice ni dogo basi. Kwenye tamthilia yake nyingine, Henry V, mfalme anamwambia Katherine, binti mfalme wa Ufaransa anayemposa, kwamba desturi nice huwainamia wafalme wakubwa, na pale ni desturi za kuchaguachagua, za kujibana. Antony naye, jemadari wa Kirumi kwenye tamthilia ya Antony and Cleopatra, anazikumbuka saa zake zilipokuwa nice, anamaanisha siku za raha na bahati. Mwandishi mmoja, maana tatu. Ushauri wangu kwenu wanafunzi ni kwamba ukikutana na kivumishi cha zamani usikimbilie maana unayoijua, soma sentensi mpaka mwisho kwanza na uone nani anaongea na nani na wana hofu gani, sentensi yenyewe itakwambia.

SWALI: Nimewahi kuhadithiwa kwamba mfalme wa Uingereza alipooneshwa kanisa la St Paul's la London alimwambia mjenzi kwamba jengo lake ni "awful" na "artificial", ambayo leo ni kama kusema baya na bandia, na mjenzi akafurahi kwa sababu zamani yalikuwa maneno ya sifa. Kuna ukweli hapo? – Fundi mwashi

JIBU: Ndugu yangu fundi, hadithi ni tamu ila haisimami, halafu kipande kimoja cha ndani yake ni cha kweli. Tazama miaka. Kanisa la zamani liliungua kwenye moto mkubwa wa London mwaka 1666, msanifu majengo Christopher Wren akapewa kazi, na bunge likatangaza kazi imekamilika mwaka 1711. Wanaosimulia wengine wanasema mfalme alikuwa Charles wa Pili, wengine James wa Pili, wengine Malkia Anne, hawapatani. Charles alifariki 1685, James aliondolewa kwenye kiti 1688, sasa hao wangelionaje jengo lililokwisha?

Lakini neno artificial ni kweli lilitumika kulisifia. Mwaka 1675 Charles wa Pili alitoa hati ya kuidhinisha mchoro mmoja wa Wren, na hati inasema mchoro umechaguliwa kwa sababu ni artificial, unafaa na una manufaa. Wakati ule maana yake ni kitu kilichofanywa kwa ufundi na ustadi. Leo mtu akikwambia maua yako ni artificial anasema ni ya plastiki. Awful nayo ilitoka kwenye ile hofu ya heshima anayoisikia mtu mbele ya Mungu, ikawa inaweza kusemwa hata kuhusu Mungu mwenyewe bila kumkosea adabu, na matumizi ya kwamba kitu ni kibaya tu yanaonekana mwanzoni mwa miaka ya 1800.

SWALI: Kuna neno lililokwenda njia ya kinyume, lilianza zuri likaishia tusi? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Lipo, silly. Kwenye Kiingereza cha kale liliandikwa sælig, maana yake mwenye heri, aliyebarikiwa, na Wajerumani mpaka leo wanalo kama selig na halijapoteza baraka zake. Kwa Waingereza mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuonewa huruma, wa kuonewa huruma akawa dhaifu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1500 ndo akawa mpumbavu. Kwa hiyo ukiona mashairi ya zamani yanawaita kondoo silly usidhani wanatukanwa, wanaonewa huruma. Kuna vizazi ambavyo viliishi haya maneno mawili yakiwa yanapishana, moja linapanda jingine linashuka, kweli ningependa kuwasikia watu wale wakiongea.

SWALI: Mwalimu wangu wa Kiingereza ananikatia maksi kila nikiandika "nice" kwenye insha, anasema ni neno tupu. Ana haki? – Najifunza ukubwani

JIBU: Malalamiko ya mwalimu wako yana zaidi ya miaka 200 kwa hiyo yuko na wenzake wengi. Jane Austen kwenye Northanger Abbey, riwaya iliyotoka Desemba 1817 miezi michache baada ya yeye kufariki, ana msichana Catherine anayesifia kitabu kimoja kwamba ndo nice kuliko vyote duniani. Henry, kijana anayetembea naye huko Bath, anamwandama, anamuuliza kama ana maana ya nadhifu, basi hiyo itategemea jalada lake. Halafu anamwambia hili neno sasa linatosha kila kitu, siku nice, matembezi nice, wasichana wawili nice, wakati zamani mtu alikuwa nice kwenye mavazi yake au kwenye uchaguzi wake. Kinachonifurahisha ni dada yake Henry, Eleanor, anayeingilia na kusema neno hilo linamfaa kaka yake mwenyewe, tena si kwa kumsifia, kwamba yeye Henry ni nice kuliko alivyo na busara. Anamchapa kwa maana ile ya zamani, mtu wa kuchaguachagua! Kwenye mazungumzo ya dakika mbili unaona maana mpya kwa Catherine, na ya zamani kwa ndugu wawili wanaogombana nayo.

Ila mimi kwenye kulifuta kabisa siko na mwalimu wako. Kama unasema siku ilikuwa nice na hukueleza ilikuwaje, hapo ana haki akukate, eleza jua, upepo, nani alikuwepo. Ila usikatae neno zima kwa sababu ile maana ya usahihi haijafa, msikilize mwanasheria akisema "a nice distinction", hasemi tofauti nzuri, anasema tofauti nyembamba sana inayohitaji jicho la kuipambanua. Andika hivyo siku moja mahali panapostahili uone kama atakukata.

SWALI: Na ule mji wa Nice Ufaransa je, nao ulikuwa mji wa wajinga? – Nauliza tu

JIBU: Hapana, hauhusiani. Unatamkwa niisi, ulianzishwa na Wagiriki waliotokea Massalia ambayo leo ni Marseille, wakauita Nikaia kutokana na Nike, mungu wao wa kike wa ushindi. Zimefanana herufi tu.