Namba 113 kwenye orodha ya ukongwe: ni miaka mingapi hadi kiti cha kapteni?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni binti wa Mikindani, rubani wa Cessna Caravan, na kwa sasa ninasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Mafia, Songo Songo na Kilwa. Nina saa 640 za kuruka. Shirika moja la nauli nafuu lenye ndege 12 za jeti limenipa nafasi ya rubani msaidizi. Kwenye usaili tuliambiwa kwamba tukishaingia marubani watakuwa 120, kwamba mimi nitakuwa namba 113 kwenye orodha ya ukongwe, ile inayowapanga marubani kwa tarehe ya kuingia kazini, na kwamba kwa kuwa marubani 12 waliacha kazi mwaka jana, nitakuwa kapteni ndani ya miaka miwili. Mkataba unanifunga miaka mitatu kwa sababu ya gharama za mafunzo ya ndege hiyo. Je, hesabu yao ni sahihi, na unanishauri niende?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yao si sahihi, na unaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla hujatia saini.

Ndege moja ya jeti ya masafa mafupi, ikiruka asubuhi hadi usiku kama mashirika ya nauli nafuu yanavyotaka, huhitaji takribani jozi tano za marubani, kwa sababu sheria za mapumziko, likizo, mafunzo na maradhi haziruhusu watu wawili kuirusha peke yao mwaka mzima. Ndege 12 mara jozi tano ni jozi 60, yaani makapteni 60 na marubani wasaidizi 60, na hapo ndipo zilipotoka hizo 120 ulizotajiwa. Kwa hiyo, ikiwa orodha inafuatwa, wewe hupati kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, hadi ufikie namba 60 au karibu yake.

Sasa chukua hao 12 wanaoacha kila mwaka. Ni asilimia 10 ya marubani wote, na tuseme wanatoka sehemu zote za orodha kwa uwiano mmoja. Mwaka wa kwanza walio juu yako watapungua kama 11, nawe utakuwa karibu namba 102. Mwaka wa pili utakuwa 91 au 92, kwa maana kadiri unavyopanda ndivyo wanaobaki juu yako wanavyokuwa wachache, na anayeondoka chini yako hakusogezi hata hatua moja. Endelea hivyo: 82, 74, 67, na mwisho wa mwaka wa sita ndipo unagusa 60. Miaka miwili waliyokutajia ingewezekana tu kama wangeondoka watu zaidi ya 50 walio juu yako ndani ya muda huo, au kama shirika lingeongeza ndege nyingi kwa mpigo. Shirika linalopoteza karibu nusu ya marubani wake kwa miaka miwili lina ugonjwa, na sidhani ungetaka kuwa kapteni wake.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni kwamba hao 12 walikuwa akina nani. Kapteni anayestaafu kwa kufikisha miaka 65, ambao ndio ukomo wa kimataifa kwa safari za abiria zenye marubani wawili, humsogeza kila mtu aliye chini yake. Kapteni mwenye saa nyingi za jeti akichukuliwa na shirika kubwa la Ghuba, naye hufungua kiti. Lakini katika mashirika ya nauli nafuu waondokao mara nyingi ni marubani wasaidizi waliomaliza kifungo cha mkataba, wale wa namba 70 hadi 110, kwa sababu wameshapata saa na wamechoka na rosta. Ikiwa kwenye shirika lako ni hao, utapanda kwa kasi ya kufurahisha mwanzoni, ufike katikati ya orodha, kisha usimame pale miaka mingi ukiwatazama makapteni wenye umri wa miaka 40 ambao hawana mpango wa kwenda popote. Ukiulizia idadi ya waliotoka, uliza na namba walizokuwa nazo. Kitengo cha wafanyakazi kikikataa kukuambia, muulize rubani msaidizi yeyote wa shirika hilo, naye atakutajia majina kwa mpangilio bila kutazama popote, kwa kuwa orodha hiyo huikariri kuliko namba ya simu yake.

Idadi ya ndege ina uzito zaidi kuliko idadi ya waondokao. Shirika likiongeza ndege tatu, viti vya kapteni vinakuwa 75, na safari yako ya miaka sita inakuwa minne. Likirudisha ndege mbili kwa waliozikodisha, na mashirika haya kwa kawaida huruka na ndege za kukodi, viti vinakuwa 50 na marubani wanaohitajika ni 100: makapteni wa mwisho kumi wanarudi kiti cha kulia, na wa namba 101 kwenda chini wanaambiwa wakae nyumbani. Wewe ni 113. Nchini Marekani, Spirit, shirika la nauli nafuu lililoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2024 na tena Agosti 2025, lilitangaza mwaka huo wa 2025 kuwapunguza marubani wapatao 270 na kuwashusha makapteni wapatao 140 kuwa marubani wasaidizi. Hapa kwetu fastjet ilianza kuruka Novemba 2012, na mwaka 2018 ulipokwisha ilikuwa imesimama. Namba ya ukongwe haihamishiki. Aliyekuwa wa kumi kwenye shirika lililofungwa huanza wa mwisho kwenye shirika linalompokea, hata kama ana saa 12,000 na mvi kichwa kizima.

Nakusihi pia usipime mambo yako kwa simulizi za ukapteni wa haraka wa Marekani zinazosambaa simuni. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, Wamarekani walibadili sheria, na tangu 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria za mashirika kule kwa kawaida huhitaji saa 1,500, ingawa wapo wanaoruhusiwa kwa pungufu kutokana na njia ya mafunzo waliyopitia. Ndiyo sababu wakati wa uhaba wa marubani makapteni walipatikana upesi upesi: kila aliyeketi kulia alikuwa tayari na saa. Wewe una 640, na leseni ya daraja la juu ya kumruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kama hiyo inahitaji 1,500, nayo mashirika mengi huweka sharti lao juu ya hilo. Ukiruka saa 700 kwa mwaka, hutazifikisha kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Kabla ya ukapteni, namba hiyo itatawala maisha yako kwa njia nyingine. Kituo cha kazi, siku za mapumziko na likizo huchaguliwa kuanzia juu. Arusi zetu za Mtwara hufuata fedha za korosho za mwisho wa mwaka, na Desemba ndio mwezi unaogombewa na kila kapteni mwenye watoto shuleni, kwa hiyo jiandae kuzitazama arusi za ndugu zako kwenye simu.

Kuhusu kifungo cha miaka mitatu, soma mambo mawili. Deni la mafunzo linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki lote hadi siku ya mwisho? Na likipunguza wafanyakazi shirika lenyewe, deni linafutwa? Kama halifutwi, omba liandikwe kwamba linafutwa, kwa kuwa kwa hesabu ya hapo juu wewe ni miongoni mwa wa kwanza kutoka. Uliza vilevile kama ukongwe umo ndani ya mkataba au ni desturi tu, maana yapo mashirika ambayo mkuu wa marubani humpandisha amtakaye, na hapo namba 113 haina maana yoyote.

Ushauri wangu ni uende, ukijua unachokwenda kuchukua, nacho ni saa za jeti. Hicho ndicho kitu utakachobeba ukiondoka au ukiondolewa. Ukapteni ukija ndani ya miaka mitano, uupokee.

Jambo moja la mwisho ni tarehe. Nilipoajiriwa mara ya kwanza kwenye jeti, na shirika moja nje ya nchi, nilitoka Lindi kwa basi kwenda Dar es Salaam kupanda ndege. Ilikuwa masika, Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa bado, na kivuko cha Ndundu kilikuwa kimesimama. Nililala siku mbili ukingoni mwa Rufiji, nikila samaki wa kukaanga na wenye malori, huku vyeti vyangu vya afya nimevifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Niliripoti siku mbili baada ya wenzangu sita, kozi ikanipokea bila neno, lakini kwenye orodha nikaandikwa chini yao wote. Baadaye viti vinne vya kapteni vilipofunguka, vilichukuliwa na wanne kati yao, kisha shirika likaacha kuongeza ndege, nami nikangoja miaka mitatu zaidi. Kwa hiyo waulize kwa maandishi: namba inahesabiwa kuanzia siku ya kutia saini, siku ya kwanza ya kozi, au siku ya kupasi mtihani wa ndege? Na mkiripoti siku moja, nani anatangulia? Mashirika mengine humtanguliza mkubwa kwa umri, mengine hupiga kura. Ukishapata jibu, safiri mapema.