Klipu yako inachekesha, ila inachelewa kuanza

Mdogo wangu, umesema klipu zako za konda na abiria zinavunja watu mbavu mtaani, lakini YouTube zinaishia watazamaji 40. Kata ule utangulizi! "Habari zenu, karibuni tena," halafu nembo inazunguka, mtu keshapita. Anza konda akiikataa noti iliyochanika, basi. Picha ya simu inatosha, sauti ndiyo inayokuangusha: tumia kipaza sauti cha kubana kolani, maana upepo unameza maneno. Weka na maandishi, wengi tunatazama kimyakimya kwenye daladala. Kuhusu hela za matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kazi ya duka usiiache kwanza.