Muuza Vitabu Anajibu: Mtoto Aliyewekwa Rehani

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na mwenye duka la vitabu, Moshi mjini.

SWALI: Dada, nilipita dukani kwako nikaiona *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah. Kiingereza nakisoma vizuri. Kuna haja gani ya kununua tafsiri? *(Mwalimu mstaafu, Machame)*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na wanaouliza ni watu waliosoma. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994. Sisi tulisubiri hadi alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatutolea tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nimeisoma kwa lugha zote mbili. Chukua ya Kiswahili.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anaondoka nyumbani na tajiri anayemwita Ami Aziz, akidhani ni ndugu yao. Kumbe baba ana deni, na mtoto ndiye dhamana. Kwa Kiingereza nililielewa jambo hilo, nikafungua ukurasa mwingine. Lakini siku moja nilikuwa namsimulia mzee wa Kibosho aliyekuja kununua madaftari ya wajukuu, nikatamka neno “rehani”. Akaweka mkoba chini. “Rehani? Mtoto?” Huku kwetu tunajua kihamba, yaani shamba la ukoo, kuwekwa rehani, na tunajua ndugu wasiosalimiana mpaka leo kwa sababu hiyo. Mzee akavuta stuli, akasoma kurasa za mwanzo kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Aliondoka na kitabu, madaftari nikamkimbizia hadi stendi.

Kuna mahali Yusuf anaachwa kwa Hamid, mwenye duka katika mji mdogo chini ya mlima. Hapo nenda polepole. Hamid na rafiki yake Kalasinga wanabishana kuhusu dini na pepo, na ni mabishano ya barazani kabisa. Kuyasoma kwa Kiingereza ni kama kusikiliza majirani zako kupitia kwa mkalimani.

Lawama yangu ni moja: ile safari ya msafara kwenda bara ni ndefu na watu ni wengi. Mimi niliandika majina yao nyuma ya risiti nikaiweka ndani ya kitabu. Ilinisaidia.

SWALI: Shikamoo mama. Kijana wangu yuko darasa la sita, kitabu anashika siku ya mtihani tu. Nimnunulie kipi? *(Mama wa watatu, Pasua)*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimnunulie, mlete. Nitamsomea mwanzo wa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert: liwali anayeheshimiwa na watu, ambaye kila usiku anawachapa nyani wawili. Kwa nini? Hapo nafunga kitabu namkabidhi. Ni cha mwaka 1952, kina maneno atakayokuuliza, kwa hiyo uwe karibu. Kisipomvutia, akae sakafuni achague mwenyewe, hata chenye picha tupu. Na tafadhali usimwambie hicho ni cha watoto wadogo. Nimeona watoto wengi wakirudisha kitabu kwenye rafu kwa neno hilo moja.

SWALI: Nimeuziwa *Vuta N'kuvute* barabarani kwa nusu ya bei. Nitajuaje kama ni nakala ya wizi? *(Mwanafunzi, Majengo)*

JIBU: Kifungue katikati, utazame karibu na mshono. Katika nakala iliyodurufiwa, herufi za huko ndani zimemezwa, karatasi ina kivuli cha kijivu, na gundi inaachia ukikikunjua mara mbili tatu. Adam Shafi, aliyekiandika, hapati hata senti ya mrabaha kwa nakala kama hiyo.

Sikulaumu, maana hata mimi nimeuziwa. Mwaka juzi msambazaji niliyemwamini aliniletea katoni ya kitabu hichohicho, na ukurasa wa 96 ulifuatiwa na wa 81. Nilipogundua nilikuwa nimeshauza vinne. Watu watatu niliwapata, nikawarudishia pesa zao. Wa nne alikuwa msichana mwenye sweta la shule la kijani, aliyenilipa kwa sarafu alizozifunga kwenye leso. Sijamwona tena. Nakala yake nzima iko chini ya kaunta, nimeifunga kwa karatasi. Kama anasoma hapa, aje aichukue.