Kunawa hadi vidole vipasuke si wazimu

Mdogo wangu, umesema una miaka 16, uko kidato cha tatu hapa Dodoma, ndoo nzima ya maji inaishia mikononi na kufuli unalirudia mara saba, ukihofia usipofanya hivyo mama atakufa. Pole sana. Huna wazimu, wala hujarogwa. Hali hiyo madaktari huiita OCD, yaani ugonjwa wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila kutaka, na mara nyingi huanza utotoni au katika umri wako. Wazo linakuja lenyewe, hofu inapanda, unanawa, unapata nafuu kidogo, kisha linarudi. Ile nafuu ndiyo inayolilisha. Usafi wa kawaida hauli saa nzima ya siku yako, wala hauchubui vidole hadi sabuni ichome.

Mwambie mtu mmoja: mama, shangazi au mwalimu wa ushauri nasaha. Mwonyeshe hiyo mikono. Kisha nendeni Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Najua watu mtaani hulitumia jina hilo kama tusi, na linaniuma, maana huko ndiko kwenye wataalamu. Kwenda si kulazwa. Tiba yenyewe ni kufundishwa, hatua kwa hatua, kuivumilia hofu bila kunawa mpaka ishuke yenyewe. Wengine huongezewa dawa. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, simu ya watoto, ni bure.