Kupima damu ya ndama kabla ya kikohozi

Ndugu mfugaji, umeuliza kama kipimo cha damu kinaweza kuonyesha nimonia kabla ndama hajaanza kukohoa. Kinaweza kudokeza. Haptoglobini, protini inayotengenezwa na ini, huwa kidogo mno kwenye damu ya ndama mwenye afya, kisha hupanda sana mwili unapopambana na maambukizi. Lakini hupanda pia kitovu kikioza, au ndama akiwa ametoka kukatwa pembe, kwa hiyo peke yake haikuambii kwamba shida iko mapafuni.

Kwa ndama wako wanne, mimi ningeanza na kipimajoto kila asubuhi, njia ya haja kubwa. Ikifika nyuzi 39.5 mtazame vizuri: masikio yamelegea? Makamasi mazito? Maziwa kayaacha nusu ndoo? Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, tafadhali, usingoje kikohozi.