Kabla hujamwita mtu "scapegoat"

Kazi yangu ni kuhariri ripoti na barua pepe ambazo Watanzania wenzangu wanaziandika kwa Kiingereza, na kama kuna neno moja la mafumbo linalonitoa jasho, ni scapegoat. Watu wanalipenda. Wanalisoma magazetini, wanalisikia kwa watangazaji wa mpira, halafu wanalipachika kwenye sentensi zao kwa maana ya "mkosaji" au "aliyesababisha". Kumbe neno hili lina hukumu ndani yake. Ukimwita mtu scapegoat, tayari umeshasema ameonewa, yaani amebebeshwa lawama za wengine.

Ripoti moja ya mradi wa visima ilinijia na sentensi hii: "The driver was the scapegoat of the delay." Nikampigia simu aliyeiandika.

"Kaka, huyu dereva alisingiziwa?"

"Asingiziwe na nani, dada? Gari alilipeleka kijijini kwao kwenye harusi, pampu zetu zikalala bandarini."

"Basi hapa umeandika kwamba mmemwonea."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Futa hiyo haraka. Wafadhili wasije wakadhani tumemfanyia zengwe."

Tukaweka "The driver was responsible for the delay", yaani dereva ndiye aliyehusika na ucheleweshaji, na mambo yakaisha. Kwa hiyo, kabla hujaliandika neno hili, jiulize: je, kuna mwingine aliyestahili lawama, au aliyepaswa kuchangia lawama, ambaye ameponyoka? Kama hayupo, tafuta neno jingine. Culprit ni mkosaji, cause ni chanzo, na yote mawili hayamtetei mtu.

Asili ya neno inasaidia kulikumbuka. Mambo ya Walawi sura ya 16 inaeleza mbuzi wawili waliopigiwa kura. Mmoja alichinjwa. Wa pili, wa Azazeli, Haruni alimwekea mikono kichwani, akaungama juu yake maovu ya Waisraeli, kisha mbuzi akapelekwa nyikani akiwa hai na mzigo ule wa dhambi. William Tyndale alipofasiri vitabu vya Musa kwa Kiingereza mwaka 1530, alimwita huyu wa pili kwa kuunganisha "scape" (kuponyoka) na "goat" (mbuzi). Ndiyo maana hadi leo kuna Waingereza na Wamarekani wanaoandika "escape goat", wenzao wakawacheka, ingawa kihistoria hawako mbali sana na ukweli. Wewe usiige, kompyuta haitakukosoa kwa sababu "escape" na "goat" yote mawili yapo kwenye kamusi.

Sisi huwa tunasema mtu "ametolewa kafara", na mara nyingi inafaa. Lakini kafara ni yule mbuzi wa kwanza. Mtu anaweza kutolewa kafara bila kulaumiwa kwa lolote, kwa mfano mgombea anayeombwa ajitoe ili chama kiungane. Huyo Kiingereza kinamwita mwanakondoo, sacrificial lamb. Scapegoat lazima awe amebebeshwa lawama. Kwangu mimi, tafsiri iliyo karibu zaidi ni ile ya mitaani: jumba bovu limemwangukia.

Kwa wapenzi wa soka, mfano usiosahaulika ni Moacir Barbosa, golikipa wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, uwanjani Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili itwae Kombe la Dunia. Ikatangulia kufunga, Uruguay ikasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia, winga wa Uruguay, akapenya upande wa kulia. Bao la kwanza la Uruguay lilitokana na krosi yake, basi Barbosa akasogea kidogo akitarajia krosi nyingine, na Ghiggia akapiga moja kwa moja kwenye mwanya kati ya kipa na nguzo ya karibu. Mbili moja. Timu nzima ilifungwa, lakini lawama zilimwandama Barbosa hadi alipofariki mwaka 2000. Wachezaji wengine waliosakamwa zaidi, Bigode na Juvenal, nao walikuwa weusi kama yeye, na hilo Wabrazil wenyewe wamelijadili sana.

Sasa tazama sentensi mbili: "Barbosa became the scapegoat for the defeat" na "Barbosa was made a scapegoat for the whole team." Baada ya "for" unaweza kuweka kosa lililotokea, au watu ambao yeye amebeba lawama zao. Zote ni sahihi, ila sentensi ile ya dereva ilitumia "of", na hapo ndipo sikio la Mwingereza linaposhtuka. Tena angalia "a" na "the". Kiswahili hakina vijineno hivi, kwa hiyo wengi tunaandika "They made him scapegoat". Weka "a". Ukiona usumbufu, tumia kitenzi: "They scapegoated him." Hakihitaji kijineno chochote.

Jifunze neno pamoja na jamaa zake. Scapegoat hutafutwa, hupatikana, hufanywa. Sifa linalopewa mara nyingi ni "convenient" au "easy", yaani wa kufaa, asiye na wa kumtetea. Na si lazima awe mtu. Moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 alisingiziwa ng'ombe wa mama mmoja mhamiaji kutoka Ireland, Catherine O'Leary, kwamba alipiga teke taa zizini. Baraza la jiji hilo liliwasafisha rasmi mama na ng'ombe wake mwaka 1997, wote wakiwa wamekufa zamani. Kwenye maofisi yetu ng'ombe huyo anaitwa mtandao. Faili halijaguswa, utaambiwa "mtandao unasumbua". Kiingereza chake ni "The network is a convenient scapegoat." Wahenga walishamaliza: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kwenye vikao utasikia bosi akianza na "I'm not looking for a scapegoat", simtafuti wa kumbebesha lawama. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni dalili kwamba msako umeanza, hivyo sikiliza sentensi inayofuata kabla hujaanza kutabasamu.

Sehemu moja ambako ningekushauri usilitumie kabisa ni unapojieleza kwenye usaili wa kazi. "I was made a scapegoat" inaweza kuwa kweli tupu, lakini anayekusikiliza hamjui bosi wako wa zamani na hana namna ya kumhoji, kwa hiyo anachobaki nacho ni mtu anayelalamika. Eleza kilichotokea kwa maneno makavu: fedha zilipotea kwenye idara yenu, uchunguzi ulifanyika, haukukukuta na hatia, mkataba haukuhuishwa. Akitaka kukuita scapegoat, aliseme yeye.